Albamu ya Binti wa Mama Miwani

Mchana binti huyu alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi ya kuwaambia watu walioshika mashavu wasubiri kidogo. Jioni alikuwa mtunzi wa nyimbo. Albamu yake aliirekodi mwenyewe, bila kampuni wala mdhamini, kwenye chumba cha rafiki yake fundi mitambo ya sauti, kuta zote zimefunikwa magodoro. Jirani wa juu akianza kuburuta viti, walisimama, wakangoja, wakaanza upya.

Wimbo mmoja uliitwa "Miwani ya Shangazi". Ulimhusu mwanamke asiyejua kusoma ambaye kila asubuhi huvaa miwani, hufungua gazeti, na akiulizwa leo kuna nini hujibu, "Mambo ni yaleyale." Na kweli, mara nyingi anakuwa hajakosea. Wimbo ulichekesha, halafu ukauma.

Shangazi mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama yake mzazi, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani na kumheshimu kwa usomaji wake. Binti aliijua siri ya miwani hiyo tangu darasa la tatu, siku alipoleta ripoti ya shule akiwa ameshika mkia kwa hesabu. Mama aliitazama kwa utulivu, akageuza ukurasa, akasema, "Hongera, mwanangu. Endelea hivyohivyo." Naye akaendelea hivyohivyo, kimya.

Mama alipousikia wimbo kwenye redio ya kibanda chake cha kushonea, alicheka pamoja na wateja. "Huyo shangazi ana vituko!" Yakaisha. Kila mmoja alibaki na heshima yake, na hapo ndipo mambo yangeachwa.

Lakini nani huacha? Miezi ilipita, hakuna aliyeandika kuhusu albamu hata mstari mmoja. Kwa hiyo mhakiki wa gazeti alipopiga simu kliniki, akasema kazi ni nzuri na ule wimbo wa shangazi ni johari, kichwa kikamvimba.

"Huyu mama umemtoa wapi? Anaonekana mtu wa kweli kabisa."

Mgonjwa alikuwa mbele yake akiugulia jino. Binti angesema ni wa kubuni, basi, mambo yangeishia hapo. Badala yake akasema, tena kwa madaha, "Ni mama yangu mzazi." Alipoulizwa zaidi akaongeza zaidi, maana sifa ni tamu na yeye alikuwa na njaa nazo.

Uhakiki ulitoka Jumamosi. Mama mwenyewe ndiye aliyeleta gazeti nyumbani, amelikunja kwapani. Mteja alimpa, akimwambia tu kwamba mwanawe ameandikwa.

"Nisomee," alisema, akiketi. "Macho yangu yamechoka na cherehani."

Binti akasoma. Akasoma kwamba sauti yake haina haraka, kwamba gita limepigwa kwa adabu, kwamba wimbo wa nne ungefupishwa. Kisha macho yake yakatangulia kwenye aya iliyofuata. Akaiacha, akaenda ya mwisho, ile ya pongezi.

"Umeruka," mama alisema.

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Tangu usichana wangu nawaangalia watu wanavyosoma, mwanangu. Najua jicho linavyoshuka. Lako limeruka mtaro."

Ikabidi asome. Iliandikwa kwamba shangazi wa wimbo ni mama wa mwimbaji, mshonaji anayejulikana mtaani kwake kama Mama Miwani, asiyejua hata herufi moja. Na kwamba ukweli huo ndio ushujaa wa albamu hii.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Hapo Mama Miwani ni wapi? Nionyeshe."

Binti akaweka kidole. Mama akainama, akayatazama yale maneno mawili kwa muda mrefu, jinsi anavyokagua mshono wa mtu mwingine.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu. Nisamehe, mama. Kwenye wimbo nilikuficha. Ni ile simu..."

"Wimbo sina neno nao. Nilijijua siku ya kwanza, nikacheka." Aliondoa kidole cha binti juu ya karatasi, taratibu. "Ila jioni zote hizo umekaa hapo na gita lako, ukitafuta maneno. Hata siku moja hukuniita ukasema, mama, njoo nikuonyeshe herufi a."

Binti alitaka kusema aliona haya, alihofia kumvunjia heshima, na yote mawili yalikuwa kweli. Alijuta, naye hakuwa na wimbo wa hilo.

Mama alilikunja gazeti upya kwa mistari yake ileile, akamwekea mapajani.

"Litunze wewe," alisema. "Mimi nitalifanyia nini?"