Shibe Iliyomtoa Apolinaria Goweko

Tangu avunje ungo, Apolinaria Xavery hakuwahi kushiba. Mafuta yalimtoka mapajani na mikononi, misuli ikachomoza kama ya mpakia magunia. Kijiji cha Goweko kikamhukumu mapema: wengine walisema ana ule ugonjwa. Advera, mama mkwe wake, alisema ni ulafi tu, maana mkamwana wake alimaliza ugali wa watu wawili na kukwangua sufuria. Hata hivyo alimpenda. Mwanamke anayekula hivyo hulima hivyohivyo, na tumbaku hutaka mikono.

Sukari ilipomfikisha hospitali, daktari alimweleza kwamba mafuta ya mwilini hutengeneza homoni inayouambia ubongo kuwa mtu ameshiba. Yeye alikuwa nayo kidogo mno. Akaanza kujichoma sindano ya homoni hiyo kila siku, dawa aliyopewa bure kwa msaada. Sukari ikashuka. Mafuta ya kwenye damu, yaliyokuwa yakihatarisha kongosho lake, yakapungua. Na baada ya matonge machache, Apolinaria akanawa mikono.

Kwa Advera wanawake hula sinia moja, na mkamwana hanawi kabla ya mama mkwe. Anayenawa mapema amemtilia shaka aliyepika.

"Miaka yote umekula chakula changu," Advera alimwambia mbele ya mawifi. "Leo kina sumu?"

Apolinaria akaeleza habari za homoni. Wifi mmoja akauliza kama hospitali wana pia sindano ya uvivu. Octavian, mumewe, alimtaka achague: aache sindano au aondoke nyumbani kwa Advera.

Daktari alikuwa ameonya kwamba akiacha ghafla, kongosho linaweza kuvimba. Aliacha. Njaa ikarudi, akala mpaka Advera akaridhika. Msimu wa kukausha tumbaku haujaisha, maumivu ya tumbo yakamwangusha mlangoni mwa bani, banda la kukaushia, majani yakiwa bado motoni.

Wodini alikatazwa kula chochote. Advera alifika na ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, muuguzi akamzuia.

"Kumbe na manesi umeshawapanga," alimwambia mgonjwa, akaondoka na chakula chake.

Sasa Apolinaria anaishi Igalula kwa dada yake. Anajichoma sindano, anakula kidogo, anashiba. Binti yake alibaki kwa bibi. Amevunja ungo mwaka huu na mapaja yameanza kukauka. Apolinaria ameomba apimwe. Octavian amekataa: mtoto hana ugonjwa, anakula vizuri.