Kibali cha Mtu Mmoja

Enzi zetu hatukufundishwa Kiingereza cha kuomba maji. Sijui wenzangu mliosoma kwingine, lakini sisi wasichana wa misheni pale Tabora, wakati Mwingereza bado ndiye mwenye nchi, tulianza na makatazo. Ukutani mwa darasa la tano Sista alibandika karatasi ndefu, maneno kwa wino mwekundu: "forbidden", "prohibited", "restricted", "not allowed", "without permission". Tuliyaimba kila asubuhi kabla ya hesabu, tumbo linanguruma, na mfukoni una vipande viwili vya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo navyo vilikuwa "not allowed" mpaka kengele ya saa nne. Hadi leo nikikumbuka nakereka. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajua namna zote za kukatazwa, lakini akitaka kwenda chooni anainua kidole na kunyamaza, kwa sababu maneno ya kuombea ruhusa bado hajafundishwa.

Tuliyatumia tulivyoweza. Jioni tukicheza rede, mmoja anajaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wanamlenga kwa mpira wa matambara, nilichora mistari pande zote na kuwatangazia wadogo zangu kwamba ng'ambo ya pale ni "prohibited". Nilimkataza mpaka kuku kuingia jikoni. Mama alinivumilia siku mbili, ya tatu akaniambia Kiingereza changu nikiache hukohuko barabarani, ndani ya nyumba yake mwenye kukataza ni yeye.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Tulikaa Itetemia, si mbali na njia ile ya zamani ya misafara, na mizinga yake ilitundikwa msituni, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mingi ilikuwa ya babu, magogo meusi yaliyozoeana na moshi. Baba hakwenda huko peke yake hata siku moja. Mwenzake alikuwa Mzee Maganga, waliyeanza naye kurina wakiwa vijana. Mmoja anapanda na kienge, mwenge wa nyasi unaofuka, mwingine anabaki chini ameshika kamba, anapokea kilindo, lile kopo kubwa la gome la mti, kikishuka na masega. Nyuki wakichachamaa, wa chini ndiye anayemshusha wa juu na kumkokota mbali. Kwetu mtu aliyeonekana anarina peke yake aliulizwa anaiba mizinga ya nani.

Mwaka nilioingia darasa la sita, serikali ikaufanya msitu ule kuwa wa hifadhi. Wakalaza gogo kukingama njia, wakamweka askari mmoja mwenyeji wa Ziba, wakasimamisha na ubao wa Kiingereza kitupu, pale ambapo hapiti mtu ila warina asali na akina mama wa kuni. Baba akanichukua nikamsomee. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Maneno yangu yote ya ukutani yalikuwa pale, nikawa nayasoma kwa sauti ya darasani. Halafu nikamfasiria: hakuna kuingia bila kibali, na mzinga usio na alama ya kibali utashushwa na kuchomwa mwisho wa mwezi.

Baba akauzunguka ule ubao, akatazama na nyuma yake. Akaniuliza, "Na pa kuruhusu pameandikwa wapi?"

Nikamwambia hapo hapakuwa na maneno hayo, labda bomani.

Tukaenda bomani kwa Bwana Misitu. Njia nzima nilitafuta kichwani Kiingereza cha kumwombea baba, sikukipata. Nilikuwa na kukataza tu. Tulipoingizwa nikapiga magoti kama tulivyolelewa, nikamwamkia, kisha nikasimama na kumweleza yule Mzungu kwa Kiingereza changu kwamba baba yangu ni "restricted", na mizinga yake ni "prohibited", na yeye ni "not allowed". Bwana akaweka kalamu chini, akamgeukia baba na kusema kwa Kiswahili safi kuliko cha karani wake, "Habari za nyumbani, mzee? Shida yako nini?" Wakaongea wenyewe, taratibu, mpaka wakaelewana kuhusu mizinga yote. Halafu, na hili ndilo lililonikera maisha yangu yote, mtu yule aliyejua Kiswahili namna ile akachukua karatasi na kuandika kibali kwa Kiingereza.

Baba alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Mzee Maganga alikuwa akitungoja uani, kamba mpya ameshaisuka, vienge ameshavifunga. Siku ya serikali kushusha na kuchoma mizinga ilikuwa imebaki wiki moja. Baba akanipa karatasi niisome mbele ya wote wawili.

Nikaisoma moyoni kwanza. Jina la baba lilikuwepo, msitu ulikuwepo, msimu ulikuwepo. Mwishoni ameandika "one person only". Sista alikuwa ametufundisha kwamba "only" ni dogo kuliko maneno yote ya ukutani, ila ndilo linalofunga mlango. Bwana hakuwa na ubaya. Alimwona mwenye mizinga ni mmoja, akaandika mmoja. Hakuuliza nani anashika kamba.

Nilimjua baba yangu. Ningesoma kama ilivyo, asingekwenda peke yake, wala asingerudi bomani kumsumbua mkubwa mara ya pili. Angekaa kimya na kuiacha mizinga ya babu ichomwe. Na Mzee Maganga alikuwa akiniangalia kwa uso mkunjufu, mkono uko kwenye kamba. Nikasoma, "Anaruhusiwa kuingia msituni yeye na mwenzake."

Kesho yake alfajiri wakanichukua, maana askari naye angetaka asomewe. Sikulala. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, nami natetemeka kwa mambo mawili. Askari aliichukua karatasi, akaishika juu chini, akaigeuza, akawatazama wale wazee na kamba yao. Akanirudishia.

"Soma, mwanangu," akasema. "Usiruke hata neno."

Nikaisoma yote kwa Kiingereza, sauti juu, pamoja na "one person only". Sikuruka neno. Kisha nikaieleza kwa Kiswahili: yeye na mwenzake. Askari akalisogeza gogo na kuwatakia kheri. Nilikaa pale kwenye gogo mpaka jua likapinda, nikisubiri lori la Bwana Misitu litokee. Halikutokea. Walitokea wao, wamevimba vidole, wananuka moshi, wananicheka kwa nilivyonyong'onyea, na kilindo kimejaa.

Mizinga yote ikatiwa alama ya kibali na kusalimika. Ila raha nikawa sina, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kufurahi kimoyomoyo. Kila mgeni aliyeingia kwetu ilibidi nitolewe jikoni nimsomee kibali. Alitaka wasikie ile sehemu ya mwenzake. Alisema Mzungu yule ana utu, amemkumbuka hata Maganga ambaye hakumwona. Nimeusoma uongo ule mpaka nikaolewa, na nikija kusalimia nausoma tena.

Karatasi ninayo. Juzi mjukuu wangu Kalunde, anayesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, ameiokota kwenye sanduku, akaipitishia macho muda wa kupiga chafya. "Bibi, mbona hapa wameandika mtu mmoja tu?" Huyo ndiye ambaye simu ikimletea kurasa kumi za masharti anabonyeza kukubali bila kusoma mstari. Nikimuuliza amekubali nini, anasema kila mtu anakubali, Bibi. Sisi maneno ya kukatazwa yalikuwa machache na tuliyajua kila moja lilipokaa, na ukitaka kulivuka ulijua unavuka kwa ajili ya nani. Wao wamefungiwa kwa kurasa na hawana habari.

Amenisumbua nimweleze, nikamweleza. Akauliza kama baba alikuja kujua. Nikamwambia hakujua. Mpaka anakufa, kila Jumapili kanisani alimwombea yule bwana, kwa kuwa alimkumbuka Maganga, nami nimepiga magoti ubavuni mwake, naitikia amina.