Kisu Hakipokezwi Mkononi

Saa kumi na nusu jioni nilisimama sokoni Dodoma mbele ya meza ya visu vya kukunja. Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa, na visu vingi viling'aa kuliko vilivyokata. Nilivijaribu kimoja kimoja kwenye ukucha, nikachagua cha mfukoni chenye mpini wa pembe, kisichocheza kwenye bawaba.

Muuzaji alikichukua akakifuta kwa kitambaa; nilipomnyooshea mkono nikipokee, alikiweka mezani.

"Chukua hapo, mzee. Kisu hakipokezwi mkononi, tutagombana bure."

"Mimi na wewe tutagombania nini?"

"Basi kagombane na mama nyumbani," akacheka, akanipunguzia shilingi hamsini.

Hakujua kwamba mke wangu alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Yeye pia alikuwa akiniwekea kisu mkekani, nami nikimwekea, miaka yote tuliyoishi pamoja.

Chumbani kwangu Makole nilimenya chungwa, kisha kwa mazoea nikakiweka kisu upande wa pili wa meza. Nilingoja kidogo, nikakichukua mwenyewe. Habari niliyorudi nayo ilikuwa moja tu, na hapakuwa na wa kumsimulia: nimeokoa shilingi hamsini.