Aliyepakatwa Haandikwi

Gosbert alikata tiketi za basi katika stendi ya Omurushaka kwa miaka kumi na tisa, na kazi hiyo ilimwachia imani moja ambayo hata kanisa halikuweza kumpa nyingine yenye nguvu kama hiyo: kiti kimoja, abiria mmoja. Jina linaandikwa, namba ya kiti inaandikwa, basi linaondoka. Abiria akishuka, jina linapigwa mstari. Mtoto aliyepakatwa haandikwi. Daftari zake zilikuwa safi kiasi kwamba mabasi yalipoanza kukata tiketi kwa simu, naye akabaki hana kazi, hakuna aliyemhurumia sana. Mtu mwenye mwandiko ule, walisema, atatafutwa tu.

Akatafutwa kweli. Siku hizi anakaa katika chumba kidogo kilichobanana na duka la mnunuzi wa kahawa, mbele yake meza, kompyuta ya zamani, betri ya sola kwa siku umeme unapokatika, na kidude chenye laini ya simu. Ndani ya kompyuta kuna programu aliyowekewa na fundi kutoka Bukoba, nayo watu wa Karagwe na Kyerwa wanaiita Lango. Kazi yake si ngumu kueleza. Mwenye simu janja anaandika neno kundini, Lango linaligeuza kuwa meseji ya kawaida na kumfikishia mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, kule Kibingo. Mwenye kitochi akijibu, Lango linapandisha jibu lake kundini likiwa na jina lake juu. Kuna vyumba vinne: Kahawa, Mifugo, Kwaya na Msiba. Kila mtu ana akaunti, kila akaunti ina namba moja na jina moja, na anayeamua nani aingie wapi na nani atoke ni Gosbert. Wafugaji wa Kyerwa waliwahi kuingiza ugomvi wa fahali katika chumba cha Kwaya. Aliwahamisha wote kabla chai yake haijapoa, na wiki nzima akatembea kama mkuu wa wilaya.

Namba isiyo na akaunti ikituma ujumbe, Lango haliujibu wala haliupitishi. Linautupa kwenye kapu. Gosbert mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo, maana ukimjibu mara moja tu yule tapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii", umejipatia ndugu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa analimwaga kapu bila kusoma.

Chumba cha Msiba ni cha chama cha kuzikana, chenye wanachama kutoka Omurushaka hadi Kihanga. Zamani mtu akifariki walitumwa watu wawili kupita nyumba kwa nyumba. Tangu Lango lianze, hawatumwi tena. Sheria zenyewe hazikubadilika. Uanachama ni wa nyumba, si wa mtu. Nyumba ikikosa mazishi bila taarifa, inapeleka kwa wafiwa mzigo wa kuni na mkungu wa ndizi, umejitwisha kichwani mwenyewe, mchana kweupe, watu wakikuona. Ikikosa mara tatu, inafutwa. Na nyumba iliyofutwa ikifiwa, haichimbiwi kaburi. Huku kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Chakula unaweza kuazima kwa jirani, lakini wachimba kaburi utawaazima wapi?

Kila mkutano mwenyekiti wa chama, mzee Byaruhanga, aliuliza kama meseji zimewafikia wote. Gosbert alisimama, akanyoosha koti, akajibu kwa sauti ya stendi: "Zimefika, mwenyekiti. Siku Lango likimpoteza mtu, kuni nitabeba mimi." Watu walicheka kila mara. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila kichwa hakiambiwi tarehe.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto, akafariki Rwegasira wa Kihanga, mkulima wa kahawa, mpole, rafiki wa Gosbert tangu enzi za stendi. Walimzika ndani ya kibanja chake, kati ya migomba. Gosbert alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na alilia, hakujificha. Kisha akarudi Omurushaka, udongo ungali kwenye viatu, akafungua kompyuta na kufuta akaunti ya Rwegasira. Abiria ameshuka, jina linapigwa mstari. Aliona amemtendea rafiki yake heshima ya mwisho.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, Byaruhanga aliingia ofisini akavua kofia.

"Gosbert, Jumapili tuna mtu wa kumfuta," alisema. "Mke wa marehemu Rwegasira. Misiba mitatu hajaonekana, wala hajatuma neno. Hata kwa mzee Kashaija hakuja."

"Mama Edgar?"

"Huyo huyo. Mimi sipendi, waitu, jamani. Lakini sheria tuliitunga wenyewe, na waliobeba kuni wananitazama. Nitolee karatasi ionyeshe kwamba meseji zilimfikia. Sitaki mtu aseme tumemwonea mjane."

"Karatasi ni dakika mbili," alisema Gosbert, na mzee akatoka kwenda kuulizia bei ya kahawa hapo jirani.

Gosbert akaandika jina la Rwegasira. Kompyuta ikajibu kwamba akaunti imefutwa, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Akamtafuta Mama Edgar. Hayupo. Akatafuta "mke wa Rwegasira". Hayupo. Akajisogeza kitini, akapitia orodha yote ya chumba cha Msiba jina kwa jina, kidole kwenye kioo, na nyumba ile haikuwamo. Tangu siku ya mazishi hakuna meseji hata moja iliyokwenda kwa mjane. Hata habari ya mkutano wa Jumapili, ambao ungemfuta, haikuwa imemfikia.

Ndipo akalikumbuka kapu. Kati ya mikopo ya haraka na waganga wa kurudisha wapenzi, namba ya Rwegasira ilikuwamo mara mbili. Ya kwanza ilisema: "Ndugu zangu, simu hii hailetewi tena habari tangu mzee aondoke. Kama kuna msiba tafadhali tujulisheni." Ya pili ilikuwa na siku sita tu: "Leo nimesikia kwa muuza chumvi kwamba mlimzika mzee Kashaija Jumanne. Sikujua. Naomba mnisamehe, kuni nitaleta. Mama mkwe haamki tena kitandani, ndiyo maana sitoki."

Hizo ni za mwezi wa sita. Kama aliandika mwezi wa nne na wa tano, hakuna atakayejua, maana Gosbert alimwaga kapu kwa mkono wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikaa ameshika paji la uso, akiona aibu kama mtu aliyekutwa shambani kwa mwenzake. Byaruhanga aliporudi, Gosbert alimwambia karatasi ataileta mwenyewe mkutanoni.

Ijumaa asubuhi alipanda pikipiki hadi Kihanga. Jambo lenyewe halikuwa la kusemwa kwa simu. Alimkuta mjane akigeuza kahawa kwenye mkeka, mlango wa nyumba umeachwa wazi ili asikie mgonjwa akiita.

"Karibu, shemeji," alisema. Hakuonekana kufurahi wala kuchukia. Alimletea kigoda, akaendelea kugeuza kahawa.

Gosbert alikuwa ametunga maneno njiani, yote yakampotea. "Shemeji, nimekukosea," alisema. "Nilimfuta Rwegasira kwenye Lango siku tuliyomzika. Nikakufuta na wewe. Uliyoandika yote yalikuwa yanatupwa, hakuna aliyeyasoma. Hata mimi nimeyasoma jana."

Mikono ya mjane ilisimama juu ya kahawa.

"Hakuna aliyeyasoma," alirudia.

"Hakuna."

"Mimi nilijua mmesoma mkanyamaza." Alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa mkeka. "Nimeandika tangu mwezi wa nne, shemeji. Nikajiambia, basi, waliyempenda alikuwa Rwegasira, mimi nilikuwa nimemfuata tu nyuma. Nimelala na neno hilo miezi mitatu."

Gosbert alitazama viatu vyake. Kisha akasema la kazi. "Namba ilikuwa kwa jina lake. Nilidhani simu ni yake."

"Simu ilikuwa ya nyumba. Na yeye macho yalikuwa yamemwishia, hukumbuki? Meseji nilikuwa namsomea mimi. Majibu nilikuwa naandika mimi."

Hapo Gosbert aliinua kichwa. Katika chumba cha Msiba, kwa miaka minne, hakuna aliyeandika vizuri kuliko Rwegasira. Wengine walituma "poleni" wakaendelea na shughuli zao. Rwegasira aliuliza watoto wa marehemu wanalala kwa nani, aliuliza kama maji yamechotwa, alikumbusha kwamba mfiwa fulani hali nyama. Gosbert alikuwa akimsifu kwa watu kuwa mwanamume mwenye utu. Kumbe mwenye utu alikuwa hapa, vidole vimejaa vumbi la kahawa. Rwegasira alipozikwa, aliyekuwa akiandika alikuwa hai, anawapikia wazikaji, na Gosbert alikula chakula chake kisha akaenda kumfuta.

Akatoa simu yake janja, ambayo nayo huingia kwenye Lango. "Nakufungulia akaunti sasa hivi. Yako," alisema, akaandika namba. Lango, kama stendi, linataka jina. Vidole vikasimama. Watu wote walimwita Mama Edgar, au mke wa Rwegasira, na Gosbert mwenyewe amekula nyumbani humu miaka kumi na tano.

"Shemeji," aliuliza polepole, "jina lako ni nani?"

Mjane alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu kidogo. "Kokuberwa," alisema.

Kutoka ndani mgonjwa aliita kwa sauti nyembamba, naye akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumapili sitaweza kuja. Nimwache na nani? Utawaambia nini?"

"Nitawaambia," alisema Gosbert, bila kusema ni nini.

Maana njiani kurudi shetani alikaa naye kwenye pikipiki. Angeweza kusema ni mtandao. Kila mtu angekubali. Mtandao umebeba dhambi za nchi nzima, na haujawahi kuja mkutanoni kujitetea. Kokuberwa angesamehewa, Lango lingebaki safi, na koti lingenyooshwa kama kawaida. Alilipima neno hilo Ijumaa yote na Jumamosi yote, na kila alipolipima alimwona mwanamke ameketi kwenye ukingo wa mkeka.

Jumapili Byaruhanga alipotaja nyumba ya Rwegasira na kuomba karatasi, Gosbert alisimama. Koti hakuligusa. Alisoma zile meseji mbili, neno kwa neno, na tarehe zake. Kisha akasema: "Zilitumwa kwenu zikaishia kwangu. Nilizitupa. Si mtandao, ni mimi. Mama Edgar hajakosa msiba hata mmoja, sisi ndio hatukumwita."

Mwanamke mmoja wa mbele alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Byaruhanga alikohoa.

"Gosbert," alisema, "si kuna mtu aliwahi kuahidi kubeba kuni?"

"Yupo, mwenyekiti."

"Mizigo mitatu. Na mikungu mitatu."

Alibeba. Siku tatu, nyumba tatu, kichwani, mchana, mwanamume wa miaka hamsini na sita mwenye koti. Wanawake waliokuwa wanatoka kuteka maji walimpigia vigelegele, na watu wa stendi walimuuliza kama mzigo una tiketi. Shingo ilimuuma wiki nzima. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sheria ile aliwahi kuipigia kura kwa mikono miwili.

Siku hizi kapu halimwagwi kabla ya kusomwa, kila asubuhi, pamoja na waganga wake. Na anayekuja kufungua akaunti anaulizwa swali ambalo halikuwapo zamani: simu hii nyumbani inasomwa na nani? Majina yote yanaandikwa, hata ya aliyepakatwa.

Katikati ya mwezi wa saba, saa moja asubuhi, Gosbert alikuwa ndiyo kwanza amewasha kompyuta. Chumba cha Msiba kikapokea ujumbe. Juu yake kulikuwa na jina: Kokuberwa. Chini: "Mama ametutoka alfajiri. Naomba mje."

Dakika zikapita, hakuna aliyejibu. Kisha Byaruhanga akaandika: "Pole sana. Lakini Kokuberwa ndiye nani?"

Gosbert alishtuka. Mkutanoni alimwita Mama Edgar kama watu wote, na jina lenyewe hakumwambia mtu. Mkono wake ukaenda kwenye akaunti. Angebadilisha jina, angeandika "mke wa Rwegasira", na vijiji vyote vingejua njia. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Kabla hajabonyeza, ujumbe mwingine ukaingia kutoka kwenye kitochi kile kile.

"Kokuberwa ni mimi. Nyumba ni ile ile mliyomzika Rwegasira. Mimi ndiye niliyewapikia."

Byaruhanga aliandika: "Tunakuja, mama." Mwingine akaandika kwamba analeta majembe. Mwingine akauliza kama maji yamechotwa. Majibu yakaja moja baada ya jingine hadi kioo kikajaa.

Gosbert aliondoa mkono kwenye akaunti. Aliliacha jina lilivyo, akafunga mlango wa ofisi, akazunguka nyuma ya duka la kahawa kufunga mzigo wa kuni. Safari hii hakuna aliyemtoza.