Rangi ya Kilima cha Nyumbani

Ofisini walimwita Mama Rangi. Dereva alizoea kumtania kwamba akikutupia jicho mara moja anajua umekanyaga jiwe gani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichambua picha za setilaiti katika chumba cha mwisho, pale feni inapolia kuliko inavyopuliza. Kila mwamba hurudisha mwanga wa jua kwa namna yake, hata mwanga ule usioonekana kwa macho. Yeye aliugeuza kuwa rangi kwenye kompyuta, itale akaipa waridi, mawe ya chokaa akayapa kijani, kisha akachora mipaka yake kwenye ramani.

Kiangazi kimoja zikaja picha za upande wa kwao. Majani yalikuwa yamekauka, ardhi iko wazi. Akakitambua kilima nyuma ya nyumba ya mama yake, na kijani kimetanda kote. Chokaa nyingi kiasi kile haiachwi na watu wa saruji, na kwenye mteremko ule ndipo alipomzika bintiye wa miaka minne, aliyechukuliwa na homa ya siku mbili.

Siku tatu aliiruka sehemu ile. Siku ya nne mkuu wake akainama nyuma ya kiti.

"Hapa mbona pako wazi? Wingu?"

Angeitikia tu, yangekwisha.

"Hakuna wingu," akasema. Akashika kipanya, akapaka. "Ni chokaa."

Mafundi wakaenda kuhakiki. Walilidondoshea jiwe tindikali, likatoa povu. Ramani ikachapishwa.

Mwaka uliofuata mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, wamekuja watu wa kiwanda. Wanataka tuhame, sisi na makaburi yetu. Hebu niambie wewe uliyesoma, nani kawaonyesha kwamba huku kuna chokaa?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ndiyo kazi yangu."

Simu ikakatwa.

Siku ya kuhamisha makaburi alikwenda na mumewe. Mama alikaa mbali kwenye kigoda, amewapa mgongo. Wachimbaji walifika kwenye kaburi dogo, sururu ikagonga jiwe jeupe, kah! Hapo mama akageuka.

"Polepole nyie! Mtoto yumo humo!"

Kilichotoka kilienea kwenye kisanduku ambacho mumewe alikibeba kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alijifunika uso.

Walipobaki wawili, mama akauliza, "Ulijua ni hapa?"

"Nilijua."

"Na ukaandika."

"Ningeficha, mama, angekuja mwingine akaona."

"Basi ungemwachia huyo mwingine."

 

Alimwandalia mama chumba nyumbani kwake, akanunua godoro na pazia. Mama akaenda kukaa kwa mwanawe wa kiume, mdogo wa Mama Rangi, kwenye nyumba ya vyumba viwili na watoto watano. Ofisini aliomba asipewe tena picha za upande ule, na mkuu, bila kuuliza, akampa za kaskazini.

Kila Jumapili hupiga simu. Mama hupokea. Humuuliza kama mvua imenyesha, na kifua cha mumewe kinaendeleaje. Kisha husema, "Haya, ongea na mdogo wako," na simu inapokewa na mkono mwingine.