Targeti ya Soja Ngui

Miaka kumi na tisa Ngui alifungua na kufunga lango la mtaa mmoja huko Karen, Nairobi, na katika miaka hiyo yote haikuibwa hata sufuria. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafika kutoka Mutuini kwa miguu, buti zinang'aa. Ukimuuliza kazi yake atakwambia, "Kukaa macho tu, ndugu yangu."

Basi kampuni yake ya ulinzi ikapata meneja mpya, Bwana Were, kijana wa tai mwenye ofisi Upper Hill, juu kabisa ambako hata mbu hafiki. Were akatangaza kwamba kila mfanyakazi atakuwa na targeti. Mama wa chai: vikombe mia kwa siku. Ngui: wezi watatu kila mwezi. Asiyefikisha, aende nyumbani.

Mwezi ukayoyoma, mwizi hata wa dawa hakuonekana. Ngui akaanza kutazama watu kwa matumaini. Fundi wa bomba alipopita na begi zito, moyo ulimdunda. Kumbe ni spana tupu.

"Mzee Ngui, mbona waniangalia hivyo?" akauliza Mwalimu Mwihaki, mstaafu wa nyumba namba nne.

"Natafuta mwizi, mwalimu. Huna hata mmoja unayemjua?"

Alipoelezwa, mwalimu alicheka mpaka akashikilia lango. Kisha akaenda kuleta kamusi nene ya Kiingereza.

"Hilo neno lao targeti, mzee, zamani lilikuwa ngao ndogo ya askari. Baadaye ndipo wakaita hivyo kile kibao cha duara cha kulengea mishale, maana kilifanana nayo."

"Ngao? Basi si ni mimi!"

Mwisho wa mwezi Were akaja langoni na fomu.

"Wezi wangapi, mzee?"

"Hakuna, bosi. Lakini nipe ruhusa nilale wiki moja, nitakuletea kumi."

Were akamkodolea macho.

"Mwalimu amenisomea. Targeti ilikuwa ngao, bosi. Sasa utafukuza ngao kwa sababu hakuna kilichopita?"

Were akakuna kidevu. Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na soja, basi akabadilisha fomu: kuanzia leo Ngui ataandika wezi ambao hawakufika.

"Kazi yako iko, mzee. Lakini nataka majina yao, kila siku."

"Majina ya ambao hawakuja?"

"Yote! Hiyo ndiyo data."

Kesho yake jioni Ngui alilamba ncha ya penseli, akawaza ni nani hasa ambaye hakuonekana langoni kutwa nzima. Akaandika jina la kwanza, kwa mwandiko mzuri: Bwana Were.