Mshenga na Chewa wa Kizungu

Kazi yangu hapa London ni kulainisha maneno. Msikitini nikiulizwa nasema nashughulika na bahari, na watu huniangalia kwa heshima wakidhani labda mimi mpiga mbizi. Wallahi sijawahi kuvua hata dagaa, na ile boti ya kuvukia mto pale Woolwich hunitia kichefuchefu kabla haijang'oka. Ninachofanya ni kukaa ofisini na kuandika karatasi za mikutano ya Bahari ya Kaskazini. Bahari hiyo imezungukwa na nchi kadhaa, na kila nchi ina meli zake za uvuvi, visima vyake vya mafuta, na mito yake inayomwaga uchafu humo humo. Basi nchi hizo hukutana kila mwaka kukubaliana nani avue samaki gani na kiasi gani, na nani apunguze taka zake. Wataalamu wetu huleta taarifa kwamba samaki fulani anakwisha. Mimi naichukua sentensi hiyo, naiogesha, naipaka mafuta, mpaka inasema kwamba hali ya samaki huyo inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Haijapata kutokea nchi ikakasirishwa na sentensi yangu.

Sasa mtu kama huyo ukimtafutia kazi ya pili, itakuwa ipi kama si ushenga? Ndivyo alivyofikiri mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi tangu baba yake alipofariki, na leo ni mtu mzima, anafanya kazi ya treni pale Stratford. Akampenda binti mmoja wa Kipemba anayeishi na wazazi wake Woolwich, akampenda hata chakula kikawa hakipiti. Kwetu mwanamume haendi kujiposea mwenyewe, humtuma mkubwa wake, na mkubwa aliyebaki ni mimi.

Akanambia, "Ami, kwa maneno ya adabu huna mpinzani. Na mimi sina mwengine."

Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilitoa kanzu nikaipiga pasi mara mbili, na njia nzima nilikuwa nikijisemea maneno ya posa kwa sauti ya chini, abiria wenzangu wakisogea mbali nami.

Nilikwenda Jumamosi pamoja na mzee jirani yangu wa Barking, maana mshenga haendi peke yake. Kijana tulimwacha kwenye mgahawa karibu na stesheni, kikombe cha kahawa mbele yake. Nyumba yenyewe ilikuwa fleti ya ghorofa ya juu, dirisha la sebuleni linatazama Mto Thames. Wanaume tulikaa sebuleni na wanawake wakakaa jikoni, mlango ukiwa wazi, kwani fleti za huku faragha yake ni ya kuazima. Nikasema yale niliyotumwa, na niliyasema vizuri. Baba wa binti, mtu mpole mwenye mvi za mashavuni, akaitikia kwa heshima, akasema mengine tutazungumza tukisha kula.

Likaja sinia. Juu ya wali wa nazi alilazwa samaki mzima wa kupaka, kichwa na mkia, mrefu kama mkono wangu, tui limemkolea hata harufu yake ikanikumbusha kwa mama. Baba akaeleza kwamba mkewe alisikia mgeni ni mtu wa samaki, akaamka alfajiri kwenda kumtafuta huyu, kwa sababu huku samaki mwenye kichwa chake hapatikani ovyo. Yaani mama wa watu alihangaika kwa ajili ya kunikirimu mimi.

Nikamtazama yule samaki usoni, nikamjua. Alikuwa chewa wa Kizungu, yule mweupe anayeliwa na chipsi, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimemlainishia sentensi yake ofisini.

Hapo sijui shetani gani alinipanda. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hiyo haukuwa hata na haya. Nilisema samaki huyu anakwisha, na sisi haitupasi kumla. Nikaeleza kwamba anavuliwa kuliko anavyozaa, kwamba maji yake yanapata joto naye anakimbilia kaskazini zaidi, na kwamba samaki hajui mpaka, akiachwa na nchi hii ananaswa na ile. Jirani yangu alinifinya paja. Nikaendelea. Nikanyoosha kidole dirishani, nikasema mto ule mnaouona, mvua ikizidi, hupokea maji machafu ya mitaro, na vyote huishia bahari hiyo hiyo, pamoja na mbolea iliyosombwa mashambani. Ndiyo, nilitaja na vyoo. Nilitaja vyoo mbele ya sinia la posa! Mzee wa watu akaacha kunifinya, ameshakata tamaa.

Miaka yote hiyo nimekaa na mawaziri na wenye meli bila kumwambia mmoja wao neno moja la ukweli, na ukweli wote nilikuja kumshushia mama aliyeamka alfajiri kunipikia. Mjumbe hauawi, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kukutana na mjumbe kama mimi.

Nilipoinua macho nilimwona mama wa binti mlangoni, amesimama na bakuli la achari, na amesikia yote. Uso wake haukuwa na hasira. Laiti ungekuwa nayo, ningejua pa kushika.

"Ami yake," akaniita, "na hao wenye meli umewaambia hivi?"

Nikaanza kusema kwamba suala hilo limewasilishwa kwenye vikao husika. Akanikata.

"Umewaambia, hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Sisi hapa hatuna meli." Akaweka bakuli chini taratibu. "Wewe si mshenga? Basi kawapelekee na wao maneno uliyotuletea sisi. Kisha njoo uchukue jawabu la mwanangu."

Mumewe akacheka kidogo, akasema mkewe anapenda mzaha. Mke hakucheka. Tukala, yaani wao walikula. Mimi nilitafuna wali wa pembeni kama mbuzi mgeni.

Kwenye mgahawa kijana alisimama alipotuona. "Ami, vipi?"

Nikamwambia hali inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mtoto yule amekulia kwangu, anazijua sentensi zangu. Alikaa chini tena, akaisukuma kahawa kando. Niliona aibu ya kweli, si ya mzaha. Mtoto hakuwahi kuniomba kitu kikubwa tangu utotoni, na hiki kimoja alichoniomba nilikitia mchanga mbele ya wakwe.

Jumatatu nikaandika kwenye karatasi ya mkutano: samaki huyu anakwisha, na tunaommaliza ni sisi tuliokaa kwenye meza hii. Mkubwa wangu wa kazi, mama wa Kiingereza mwenye roho nzuri, aliirudisha imelainishwa, na shukrani juu. Nikairudisha ilivyokuwa. Akailainisha tena, safari hii bila shukrani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na sasa nilikuwa naona ilivyo tamu kuwa upande wa anayelainishwa. Na kila jioni kijana akirudi kazini, hata viatu hajavua, swali ni moja: "Ami, umesema?" Nikawa naingia bafuni kila nikisikia ufunguo mlangoni.

Ikafika siku ya mkutano. Kazi yangu mle ni kukaa nyuma ya wajumbe na kushika karatasi. Nikainua mkono. Mwenyekiti alidhani naomba ruhusa ya kutoka, akanionyesha mlango kwa upole. Nikasimama, sauti ikanitoka nyembamba, na nikasema yote: samaki, joto, mitaro, mbolea. Vyoo pia, kwa kuwa nilishavizoea. Mjumbe mmoja akajimiminia maji. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu, akasema maoni yamepokelewa, na sasa ni wakati wa chai.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Woolwich na jirani yangu, ambaye alikubali kuja kwa sharti kwamba atakaa karibu na mdomo wangu. Nikasimulia mbele ya baba na mama.

"Wakasemaje?" mama akauliza.

"Wamepokea. Halafu tukanywa chai."

Akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Masikini wee," akasema, "kumbe ndiyo kazi yako."

Akamtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa. Nikaambiwa nimpigie simu kijana, tuliyemwacha tena kwenye ule mgahawa, nimwambie binti ameridhia na wazee wake wameridhia. Nilimpigia. Nilisikia tu kiti kikianguka, na mimi machozi yakanilenga kama mtoto.

Mama aliingia jikoni, akatoka na sinia. Wali wa nazi, tui, kichwa na mkia. Akaliweka mbele yangu, akasimama pale pale, mikono kiunoni, akingoja. Jirani yangu akashika paja langu tayari. Sikuuliza ni samaki gani, nilikuwa namjua. Nikanawa mikono, nikasema bismillahi, nikala, na nikaomba na kichwa.